Jinsi ya Kupima Nafasi Yako Kabla ya Kuomba Shule ya Biashara

Swali huja kwa sura ileile kila msimu: nina alama kiasi hiki za GMAT, mtihani wa kuingilia shule za biashara, nilimaliza chuo kwa wastani huu, nimefanya kazi miaka minne, je, nitachukuliwa? Anayekujibu kwa asilimia anapiga ramli. Kamati ya udahili haisomi mistari mitatu. Inasoma faili zima, kisha inalipima na mafaili mengine ambayo wewe na mimi hatutayaona kamwe.

Hata hivyo kujipima kunawezekana, mradi ujue unapima nini. Unatafuta majibu mawili: shule zipi ziingie kwenye orodha yako, na sehemu gani ya faili lako bado inaweza kurekebishwa kabla dirisha halijafungwa. Kwa hiyo kila shule utakayoipima ipe jina moja kati ya matatu: ya mbali, ya kati, au ya karibu. Ukijikuta unaandika "asilimia 37", futa.

Ili maelezo yasielee hewani, tumchukue mwombaji wa kubuni: mhandisi wa miaka 28 katika kampuni ya simu, uzoefu wa miaka mitano, matokeo ya chuo ya kuridhisha ila si ya juu, GMAT 655, na anataka kuhamia kwenye ushauri wa kibiashara.

Hatua ya 1: Hakikisha unaomba programu inayokufaa

MBA ya muda wote, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, imetengenezwa kwa watu waliokwisha kufanya kazi. Katika shule kubwa za Marekani, wastani wa uzoefu darasani ni miaka mitano hivi. Huko INSEAD, shule ya biashara yenye kampasi Fontainebleau, Ufaransa, na Singapore, wastani wa umri ni takriban miaka 29. Wapo waliopungukiwa na wapo waliozidi, ila kadiri unavyojitenga na wastani huo ndivyo utakavyoulizwa kwa nini unakuja sasa.

Kama uko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, usijipime na watu hao. Harvard Business School ina programu iitwayo 2+2: unaomba ukiwa bado mwanafunzi, ukikubaliwa unakwenda kwanza kufanya kazi, kisha ndipo unaingia darasani. Stanford nayo ina mpango wa namna hiyo. Njia nyingine ni shahada ya uzamili ya menejimenti, kama zile za HEC Paris na London Business School, ambayo imelengwa kwa wahitimu wapya. Na kama una miaka kumi na mitano kazini na unaongoza idara, angalia MBA ya watendaji. Waombaji wengi wenye faili zuri hukataliwa kwa sababu tu waliomba programu isiyo yao, na hakuna alama ya mtihani inayorekebisha hilo.

Mhandisi wetu yuko mahali pake. Tuendelee.

Hatua ya 2: Kusanya namba zako zilivyo

Chukua nakala rasmi ya matokeo ya chuo na uandike wastani kama ulivyo, kwa kipimo cha chuo chako. Usiugeuze kuwa kipimo cha Marekani cha 4.0 kwa kikokotoo ulichokiokota mtandaoni. Shule nyingi huomba alama zibaki kama zilivyoandikwa, na wasomaji wao wamezoea mifumo ya nchi mbalimbali. Pembeni andika alama za masomo ya hesabu, takwimu, uchumi na uhasibu peke yake, kwa sababu hayo yatasomwa kwa jicho la pili.

Kisha mtihani. Hapa watu hujichanganya sana. GMAT ya sasa, iliyoanza kutolewa mwishoni mwa 2023, hupimwa kutoka 205 hadi 805, na alama zake zote huishia na 5. Ile ya zamani ilikuwa kutoka 200 hadi 800 na iliishia na sifuri. Vipimo hivi havilingani: 645 ya sasa iko karibu na 700 ya zamani. Mtu aliyepata 655 akijilinganisha na 730, ambayo ni ya kipimo cha zamani, atalia bure. Ukweli ni kwamba 655 inamweka juu ya takriban watahiniwa tisa kati ya kumi. Linganisha nafasi yako kati ya watahiniwa, usilinganishe tarakimu tupu. GRE, mtihani mwingine unaoweza kuufanya badala ya GMAT, nayo ina kipimo chake, 130 hadi 170 kwa kila upande wa lugha na hesabu, na shule karibu zote kubwa zinaipokea.

Hatua ya 3: Soma wasifu wa darasa kama anayekagua hesabu

Shule huchapisha kila mwaka wasifu wa darasa jipya: wastani wa alama, uzoefu, fani walizotoka wanafunzi. Ndiyo data bora uliyonayo, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Kwanza, namba zile ni za waliojiunga. Si za walioomba, na si za wote waliokubaliwa. Hazikuambii ni wangapi wenye alama kama zako walikataliwa. Shule inaweza kuwa na wastani sawa na wako, na bado ikawa imewakataa wengi waliokuwa juu yako.

Pili, tofautisha wastani na alama ya katikati. Harvard Business School, kwa mfano, kwa miaka kadhaa imetangaza alama ya katikati ya GMAT ya 730 au 740 kwa kipimo cha zamani. Maana yake nusu ya waliowasilisha mtihani huo walikuwa hapo au chini. Nusu nzima! Waombaji huiona 740 kama mlango usiopitika chini yake, ilhali darasa lenyewe limejaa watu waliopita chini yake.

Tatu, na hili ndilo la kulikalia zaidi, tafuta kama shule imetaja eneo la asilimia 80 ya katikati. Tuseme shule fulani inasema asilimia 80 ya darasa wako kati ya 615 na 705. Asilimia 10 wako chini ya 615, na hao hawakuingia kwa kubahatisha. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho kamati ilikitaka kiasi cha kuvumilia alama yake. Basi ukiwa chini ya eneo hilo, jiulize waziwazi kitu chako ni kipi, na kama huwezi kukitaja kwa sentensi moja, shule hiyo iandike "ya mbali". Ukiwa ndani ya eneo, mtihani umekwisha kufanya kazi yake na hautakubeba tena. Ukiwa juu yake, umeondoa shaka moja. Hujanunua kiti.

Hapa mhandisi wetu anagundua kwamba 655 yake imekaa ndani ya eneo la shule hiyo, karibu na katikati. Mtihani hautamwangusha. Yale matokeo ya wastani ya chuo ndiyo yatakayoulizwa, na jibu lake limo kwenye alama za masomo ya hesabu alizoziandika pembeni. Kama hizo ni nzuri, shaka inapungua. Kama nazo ni dhaifu, anahitaji ushahidi mpya.

Hatua ya 4: Jipime na walio kama wewe

Kamati haijazi darasa kwa kupanga watu kutoka alama ya juu kwenda chini. Inajenga darasa: washauri wa biashara, watu wa benki, wahandisi, wanajeshi, walimu, watu wa mashirika ya hisani, wenye biashara zao. Kwa hiyo ushindani wako wa kweli ni na watu ambao faili lao, likisomwa haraka, linafanana na lako.

Hili hubadilisha maana ya kila kitu. Alama ya juu ya hesabu kwa mhandisi haimshangazi mtu, ilitarajiwa. Shaka juu yake iko kwingine: je, anaweza kuongoza watu, kuwashawishi, kueleza jambo kwa asiye fundi? Mwalimu au mtu wa shirika la hisani yuko kinyume chake. Uongozi na sababu ya kuja vinaonekana, ila kamati inajiuliza kama atastahimili muhula wa kwanza wa fedha na takwimu. Kwake yeye alama nzuri ya hesabu ina uzito mkubwa kuliko kwa mhandisi, hata kama tarakimu ni ileile. Na mtu wa benki kubwa anakutana na wenzake wengi wenye wasifu wa kufanana naye, hivyo hawezi kutegemea jina la mwajiri.

Namna ya kufanya utafiti huu ni rahisi na haina gharama. Ingia LinkedIn, tafuta waliosoma shule unayoitaka na walioingia katika miaka mitatu iliyopita, kisha chuja kwa kazi waliyokuwa nayo kabla. Angalia walikuwa wamefikia cheo gani, baada ya muda gani, na walifanya nini nje ya kazi. Kumi au kumi na watano wanatosha kukupa picha. Kumbuka tu kwamba unawaona waliopita. Waliokataliwa wakiwa na wasifu huohuo hawajitangazi.

Mhandisi wetu akikuta kwamba wahandisi wote aliowaona walikuwa wameshaongoza timu, na yeye bado anapokea kazi na kuimaliza peke yake, amepata jibu zito kuliko lolote ambalo GMAT ingempa.

Hatua ya 5: Pima yasiyo na namba

Kuna majaribio matatu ninayoyaamini.

La kwanza: kwa kila mwaka uliofanya kazi, andika sentensi moja inayosema kilichobadilika kwa sababu wewe ulikuwepo. Si majukumu yako, mabadiliko. "Nilisimamia matengenezo ya mitambo" ni jukumu. "Nilibadilisha ratiba ya matengenezo na saa za kukatika kwa huduma zikapungua kwa theluthi" ni mabadiliko. Miaka mitano ikitoa sentensi mbili tu, tatizo linaweza kuwa kwenye uandishi au kwenye kazi yenyewe, na ni vyema ujue ni lipi.

La pili ni la wapendekezaji, yaani wale watakaokuandikia barua za mapendekezo. Shule nyingi huwauliza maswali mawili yanayofanana: mwombaji huyu anasimamaje ukimlinganisha na wenzake wa ngazi yake, na ushauri mzito kabisa uliowahi kumpa ni upi na aliupokeaje. Mfikirie bosi wako akijibu hayo bila msaada wako. Ana visa viwili vya kueleza? Akikosa, barua yake itajaa sifa zisizo na mfano, na barua ya namna hiyo haimsaidii mtu. Ndiyo maana napendelea msimamizi wa karibu anayeijua kazi yako kuliko mkurugenzi mwenye cheo kirefu ambaye itabidi umkumbushe jina lako.

La tatu ni lengo. Liandike kwa sentensi tatu: unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwa nini shule ya biashara ndiyo njia. Kisha fungua ripoti ya ajira ya shule husika uone kama wahitimu wake huenda huko unakotaka. Shule ambayo wahitimu wengi huingia kwenye ushauri itamwelewa mhandisi wetu bila maelezo marefu, ingawa pia itamuuliza ana nini cha kuwavutia waajiri hao. Lengo lisilo na njia kutoka ulipo leo huwatia mashaka wasomaji hata kama kila namba iko sawa.

Hatua ya 6: Tafuta msomaji asiye na sababu ya kukufurahisha

Ndugu na marafiki watakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mshauri wa kulipwa anajua kazi, lakini kumbuka tathmini ya bure anayokupa pia ni tangazo la huduma yake. Anayefaa ni aliyepitia mchakato huo hivi karibuni, hasa aliyetoka kwenye fani yako. Mpe wasifu wako wa ukurasa mmoja na zile sentensi tatu, na usimuulize "nitapata?" Muulize: ungekuwa kwenye kamati, swali lako la kwanza juu yangu lingekuwa lipi? Watu watatu wakiuliza swali lilelile, hapo ndipo penye udhaifu wa faili lako.

Hatua ya 7: Tumia kiwango cha kukubaliwa, lakini kwa tahadhari

Stanford huchukua wanafunzi wa MBA 430 hivi kwa mwaka na hukubali chini ya mwombaji mmoja kati ya kumi. Harvard huchukua wapatao 930. Viwango hivyo vinakuambia ukali wa ushindani, havikuambii nafasi yako. Ndani ya idadi ile wamo walioandika insha usiku mmoja, na wamo ambao wangechukuliwa karibu popote.

Kuna hesabu moja inayowapotosha hata wanaojua hesabu. Mtu anasema: nina nafasi ya asilimia 20 kwa kila shule, nikiomba nne, uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 59. Hesabu ni sahihi iwapo maamuzi ya shule hizo hayahusiani. Yanahusiana. Shule zote nne zinasoma faili lilelile, lenye pengo lilelile. Kama hujawahi kuongoza mtu, kamati zote nne zitaliona pengo hilo. Kuongeza shule zinazofanana hakuongezi nafasi kwa kiasi unachodhani. Kuongeza shule za ngazi tofauti kunaongeza.

Hatua ya 8: Panga orodha, na uweke fedha ndani yake

Shule tano hadi sita zinatosha. Zaidi ya hapo insha huanza kufanana, na wasomaji wanaona. Mbili za mbali, mbili au tatu za kati, moja ya karibu ambayo kweli ungeenda. Hili la mwisho watu hulipuuza. Shule ya karibu ambayo usingekubali kuihudhuria ni ada ya maombi iliyotupwa.

Kukubaliwa bila namna ya kulipa si nafasi. Harvard Business School hutoa ufadhili wake kwa kuangalia uhitaji wa mwanafunzi. Shule nyingine nyingi hutumia ufadhili kuwavuta wale wanaowataka hasa. Kwa hiyo faili linaloonekana la kawaida kwenye shule ya mbali linaweza kulipiwa sehemu ya ada kwenye shule ya karibu. Kwa mwombaji asiye na akiba, ningesema shule ambako uko juu ya alama ya katikati inastahili muda mwingi kuliko ile ya ndoto.

Hatua ya 9: Amua cha kurekebisha kulingana na muda uliobaki

Shule nyingi za Marekani zina duru tatu za kupokea maombi: ya kwanza Septemba, ya pili mapema Januari, ya tatu kati ya Machi na Aprili. Harvard ina mbili tu. Duru ya tatu viti vimebaki vichache, na mtu anayehitaji ufadhili au viza aiogope. Kati ya ya kwanza na ya pili, sioni sababu ya kukimbilia ya kwanza na faili bovu.

Ukiwa na miezi miwili, unachoweza kubadilisha ni mtihani, insha, na maandalizi ya wapendekezaji. Rudia GMAT ikiwa uko chini ya lile eneo la katikati, au ikiwa majaribio rasmi yalikuwa yanakupa alama za juu kuliko ulizopata siku yenyewe. Waandaaji wa mtihani hutoa majaribio mawili bila malipo. Lazima upumzike siku 16 kati ya mtihani na mtihani, na huwezi kuufanya zaidi ya mara tano katika miezi 12. Unaiona alama kabla ya kuamua kuituma, hivyo jaribio baya halikuandami. Ila kama uko ndani ya eneo, alama 10 za ziada hazilingani na wiki sita ulizozinyima insha.

Ukiwa na miezi sita, unaweza kuongeza ushahidi wa hesabu: kozi yenye mtihani ya takwimu, uhasibu au uchumi, kama ile ya Harvard Business School Online iitwayo CORe. Ukiwa na mwaka, unaweza kubadilisha kazi yenyewe: kuomba mradi wenye watu chini yako, kuhamia kitengo kinachokutana na wateja. Mhandisi wetu yuko hapa. Mwaka mmoja wa kuongoza timu ya watu wanne ungemfaa kuliko GMAT ya 705.

Hatua ya 10: Jipime upya majibu yanapoanza kuja

Majibu ya duru ya kwanza hutoka karibu Desemba, wiki chache kabla ya duru ya pili kufungwa. Usitume insha zilezile kabla hujasoma majibu hayo. Kama hakuna shule hata moja iliyokuita kwenye mahojiano, tatizo liko kwenye faili: namba, lengo, au barua. Ongeza shule za ngazi ya chini na uandike upya lengo. Kama uliitwa kwingi na ukakosa viti, faili linafanya kazi na mazungumzo ndiyo hayakufanya. Angalia mahojiano yalikuwa ya aina gani: Harvard anayekuhoji amesoma faili lako lote, kwingine anakuwa na wasifu tu, na Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hukukusanya na waombaji wenzako mjadiliane mbele ya mtazamaji. Kila moja hufanyiwa mazoezi kivyake.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, fuata maagizo ya shule. Zinazoruhusu taarifa mpya ziandikie pale tu ukiwa na jipya. Na ukilazimika kuomba tena mwaka unaofuata, shule nyingi zitakutaka ueleze kilichobadilika tangu ulipokataliwa. Andika jibu la swali hilo leo, kama rasimu, kisha uone ni mistari mingapi unaweza kuijaza. Cheo kipya, timu mpya, alama mpya au kozi iliyokamilika huhesabiwa. Kuongezeka hamu ya kusoma hapo hakuhesabiwi.